Kilo za Nikodemu

Swali lenyewe lilikuwa salamu tu. Brigita alikuwa anashuka kwenye bodaboda pale kambi ya vibarua, kwenye mashamba ya kahawa ya Oldeani, siku yake ya kwanza kazini tangu ajifungue. Mama mmoja aliyekuwa anafua nje akamwita kwa furaha, "Dokta! Umerudi! Mtoto hajambo?"

"Hajambo," akajibu Brigita.

Ndivyo tulivyolelewa. Ukiulizwa habari za nyumbani unasema nzuri hata kama paa limeng'olewa na upepo; ya kweli hufuata baadaye, salamu zikiisha, kwa sauti ya chini. Brigita aliingoja hiyo baadaye. Lakini yule mama alishauliza jina la mtoto, akaambiwa Nikodemu, na kabla dereva hajageuza pikipiki Brigita alikuwa Mama Niko kambi nzima. Nikodemu alikuwa amezikwa wiki sita zilizopita, akiwa na umri wa siku kumi na tisa.

Brigita hakuwa daktari wala nesi, ingawa kambini kila aliyebeba mizani walimwita dokta. Alikuwa mpimaji katika utafiti uliofuatilia watoto mia tatu wa Karatu na Ngorongoro tangu mimba hadi miaka miwili, kutaka kujua kwa nini wengine wanadumaa, na udumavu unawafanya nini akilini. Kila mwezi alichukua uzito, urefu na mzunguko wa kichwa, kisha michezo: anaficha kijiko chini ya kitambaa, anaangalia kama mtoto atakitafuta. Majibu yote aliyaingiza kwenye kishikwambi.

Tangu msiba hakuwa ametoa chozi. Nyumbani, mbali na kambi, watu walimsifu kwamba amepokea mapenzi ya Mungu. Hakuwa amepokea chochote. Alikula kwa sababu chakula kiliwekwa mbele yake, alilala kwa sababu taa ilizimwa. Watoto wa watu aliwashika kama mtu anayechagua viazi sokoni, na ajabu ni kwamba walitulia mikononi mwake, vipimo vikatoka safi. Clemensi, muuguzi aliyesimamia utafiti kutoka ofisi ya Karatu mjini, alimpongeza mbele ya wenzake kuwa hakuna anayepima kwa usahihi kama yeye. Walipiga makofi, naye akaona ni vizuri akitabasamu.

Mkwewe, Bibi Evarista, ndiye peke yake aliyesema neno. Kwa mila ya zamani ya Wairaqw, mama aliyefiwa na mtoto wa kunyonya hukaa mbali na watoto wa watu mpaka muda wake upite, maana msiba wa namna hiyo unaogopwa usije ukawafuata na wao.

"Mimi nimebatizwa, mwanangu, hayo nimeyaacha," Bibi Evarista alisema huku akichambua maharage. "Ila siyo wote walioyaacha. Waambie. Atakayekupa mtoto wake akupe akijua."

"Nitawaambia, mama," Brigita alisema, akaenda kazini.

Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Ya Brigita ilikuwa na urefu wa miezi saba, na wala haikuwa na jiwe la kumkwaza. Kila mwezi waliuliza, kila mwezi alijibu, na majibu alikuwa nayo kichwani kwa sababu ndiyo kazi yake. Miezi minne, anajigeuza. Sita, anakaa akiegemezwa. Minane, meno mawili ya chini, kilo nane na gramu mia sita. Alimweka Nikodemu kwenye mstari wa katikati wa chati ya ukuaji, hakumzidishia wala kumpunguzia. Hakujiona anadanganya. Akisema zile namba alitulia kama mtu anayejaza fomu isiyo na kosa, na huo ndio utulivu pekee aliokuwa nao.

Katika kambi ile alikuwepo Rozalia, aliyetoka Singida na mumewe kuja kuchuma kahawa. Alijifungua wiki ileile na Brigita, na kwa hiyo alimwona kama mwenzake wa damu. Binti yake, Ritha, alikuwa mtoto namba mia mbili na kumi na nne. Alianza vizuri. Mwezi wa sita uzito ukasimama, wa saba akapungua, wa nane akapungua tena hadi kilo sita na gramu mia moja. Wa tisa hakuletwa kupimwa.

"Huyo mtoto lazima aonekane wiki hii," Clemensi alimwambia Brigita. "Akiendelea kushuka hivyo atatupotea. Na si kwenye utafiti tu."

Brigita akapanda bodaboda na ubao wake wa kupimia urefu. Kambini, wanawake waliokuwa bombani walimwambia kwamba Rozalia amesafiri, amerudi kwao Singida. Walisema bila kumtazama usoni. Lakini mlangoni kwa Rozalia kanga ya mtoto ilikuwa inachuruzika maji kwenye kamba, na ndani mtoto alikohoa.

"Mama Ritha, ni mimi," Brigita alisema mlangoni. "Fungua nimwone mtoto tu."

"Nenda zako, Mama Niko. Nimeshatoka kwenye huo utafiti wenu. Si mlisema mtu anaweza kutoka akitaka?"

"Unaweza. Ila mtoto anaumwa, namsikia. Niambie nini kimekukimbiza."

Ndani Ritha akakohoa tena. Kisha maneno yakaja yote kwa pamoja, nyuma ya bati la mlango.

"Wewe ndiye umenikimbiza. Mimi na wewe tumejifungua wiki moja. Wako kilo nane na zaidi, meno mawili, anatambaa. Wangu unamweka kwenye mizani mbele ya watu, kilo sita! Hawa wanawake wanajua kuhesabu. Wanasema Ritha amebemendwa, kwamba nimetembea nje huku nanyonyesha, ndiyo maana mtoto anakauka. Baba yake kaulizwa shambani, mkeo anatoka na nani. Sasa analala kwa kaka yake. Sijatoka na mtu mimi, Mama Niko! Na wako naye angekuwa mdogo wangesema ni njaa, wangesema ni hali ngumu. Ila wako amenawiri, basi kosa ni langu. Nikienda hospitali nako wataniuliza hayohayo."

Brigita alisimama na ubao wake begani. Sentensi ya kumjibu alikuwa nayo, alifundishwa kwenye semina: kila mtoto hukua kwa kasi yake. Akafungua mdomo aiseme, akaona haifai kitu. Bombani pale walikuwa wanawake watano, na watatu kati yao walitoka Mbulu, kwa Wairaqw, kama yeye, wenye watoto mgongoni. Akisema kweli wataisikia, na kufikia jioni hatakuwa na mtoto wa kupima katika kambi hii. Aliijua hesabu hiyo vizuri. Hata hivyo hakusogea karibu na mlango wala hakupunguza sauti.

"Mama Ritha, mwanangu amekufa."

"Nini? Lini? Mwezi uliopita si ulisema..."

"Alikufa ana siku kumi na tisa. Kilo nne hakufikisha. Hakuwahi kuota jino."

"Na hizo kilo?"

"Nilizitoa kwenye chati."

Bombani ndoo ilijaa, maji yakamwagika na hakuna aliyefunga. Kisha mmoja wa wale wa Mbulu akamzungusha mtoto wake kutoka mgongoni hadi kifuani, akamfunika kichwa, akaondoka. Wa pili akamfuata na wa tatu akamfuata. Hakuna aliyetukana. Brigita aliwatazama wakienda kama anavyotazama mvua ya watu wengine, upande wa pili wa bonde.

Mlango ukafunguliwa. Rozalia alikuwa amekonda yeye mwenyewe, na Ritha begani kwake alikuwa na nywele chache za rangi ya majani makavu.

"Umenitesa," Rozalia alisema. "Umenitesa miezi yote hii na mtoto ambaye hayupo."

"Ndiyo."

"Kwa nini?"

"Sijui. Mliniuliza, nikajibu. Ni ninyi tu mliokuwa mnamuulizia. Nyumbani hakuna anayemtaja."

Rozalia hakumkumbatia wala hakumpa pole. Alimhamisha mtoto bega la pili, akatazama bombani, pale palipobaki ndoo tu.

"Nitampigia Clemensi alete mpimaji mwingine kesho," Brigita alisema. "Mimi nisimshike. Wenzako umewaona. Na hao waliokusema nitawaambia mwenyewe, wote, kwamba mtoto wa kumlinganisha na wako hakuwepo."

"Kesho ni mbali. Usiku kucha amekohoa." Rozalia akautazama ule ubao. "Na hicho kitu hakitumiwi na mtu mmoja."

Ni kweli, mtoto wa umri ule hupimwa na watu wawili: mmoja anakaa kichwani, mwingine miguuni. Rozalia akauchukua ubao kutoka begani kwa Brigita, akaulaza kizingitini, akatandika kanga, akamlaza Ritha juu yake. Akapiga magoti upande wa kichwa, akakishika kwa viganja viwili kama alivyokuwa akielekezwa kila mwezi. Mlango mmoja wa jirani ulikuwa wazi kidogo, na mtu alikuwa anachungulia. Rozalia alimwona.

"Shika miguu, Mama Niko," akasema kwa sauti ya kusikika. "Upime, twende hospitali."

Brigita akapiga magoti, akaishika. Ritha akapiga teke dogo lisilo na nguvu, likatua katikati ya kiganja, na Brigita akalisikia mpaka begani. Lilimuuma, kama mguu uliolala ganzi unapoanza kuamka. Akasoma kipimo: sentimita sitini na tano nukta nane. Kanuni ya utafiti ni kupima mara mbili. Akapima tena, ikawa sitini na tano nukta nane, na hapo kazi ya kupima ikawa imekwisha.

Akapima mara ya tatu. Namba hakuiona tena kwa machozi, na miguu hakuiachia. Rozalia alingoja, akiwa bado amekishika kichwa.