Amina za Kwenye Kiti cha Kinyozi

Kinyozi alipookoka, waliopata taabu ni wateja wake. Zamani aliwasimulia mpira huku akiwanyoa; sasa akawa anawasimulia wokovu. Na kwa kuwa hakuna jambo alilolifanya nusunusu, kila mara alifika kwenye swali lenyewe wembe ukiwa kooni. "Basi ndugu yangu, umempokea?" Mteja gani angekataa? Mwalimu mstaafu alisema amina. Dereva wa lori alisema amina mara mbili, ya pili kwa sauti zaidi. Kinyozi akawa anarudi nyumbani akiimba njia nzima.

"Mtu mwenye wembe shingoni," mkewe alimwambia akimpakulia chakula, "hata ukimwambia amuoe mama mkwe wake atakubali."

Kinyozi alicheka, lakini neno la mkewe lilimpita. Akamwomba mchungaji amwachie benchi zima la mbele Jumapili hiyo, maana alikuwa analeta watu.

Aliyemtaka kuliko wote alikuwa kaka yake. Wazazi wao walifariki mapema, na kaka, fundi rangi, alimlea kwa kupaka nyumba za watu, iwe jua, iwe mvua. Hata mkasi wake wa kwanza alinunuliwa na kaka huyo. Kinyozi aliiwaza mbingu bila yule mtu, akaona hapatakuwa nyumbani.

Ijumaa jioni kaka alikuja kunyolewa. Shavu la kushoto lilipokwisha, kinyozi akaanza.

"Kaka, neema ni bure. Huwezi kuifanyia kazi wala kuilipia. Unapewa tu."

Kaka aliushika mkono wenye wembe, akausogeza pembeni.

"Bure," alisema taratibu. "Mdogo wangu, kila tonge ulilokula nililitolea jasho. Hakuna aliyewahi kunipa kitu bure, na sikuomba. Leo unaniambia jasho langu lote si kitu?"

"Sikusema hivyo, kaka."

"Umesema."

Akajifuta povu, akatoka, shavu moja laini na jingine likiwa na ndevu zake zote. Watu barabarani waligeuka kumtazama. Kinyozi alibaki ameshika taulo. Hawakuwahi kugombana hata siku moja, na sasa alikuwa amempoteza kaka yake kwa habari njema. Jumamosi alimpigia simu tena na tena, haikupokelewa.

Jumapili benchi la mbele lilikuwa na mtu mmoja, naye ni yeye. Dereva hakuonekana. Mwalimu alikuja, lakini alijibanza nyuma karibu na mlango, na kinyozi alipomfuata kumkaribisha mbele, mzee wa watu hakumficha.

"Mwanangu, mimi nilisema amina ili umalize salama. Umenialika, nimekuja kwa adabu. Yule dereva naye humkubalia kila mtu kila kitu, muulize mkewe. Wahenga walisema kinyozi hajinyoi. Wewe ungekaa kwenye kile kiti chako, ungesema nini?"

Kinyozi alirudi kwenye benchi lake amenywea kama unga uliokosa hamira. Watu walisimama kuimba pambio. Yeye alibaki ameketi. Hapo mtu akamgusa bega.

"Sogea."

Alikuwa kaka yake, amejifunga usoni kile kitambaa chake cha kuzuia vumbi la kuta. Alipokishusha kidogo, nusu ya ndevu ilikuwa palepale. Kinyozi alitaka kucheka na kulia kwa pamoja.

"Hukwenda kwa kinyozi mwingine?"

"Nimpe mtu nisiyemjua koo langu?" Kaka aliketi. "Na usifurahi upesi. Bado nimekataa. Nimekataa tangu juzi, nikiwa juu ya ngazi, nikiwa mezani, nikiwa kitandani. Wateja wako neno lile la bure liliwapita, ndiyo maana hawakukasirika. Mimi limeniingia, na halitoki."

"Nilidhani umenichukia."

"Nyamaza, nimekuja kuuliza. Huyo anayetoa bure, hatanidai baadaye?"

"Hadai, kaka."

"Wala hatanisimanga mbele za watu?"

Kinyozi alikuwa na majibu mengi mazuri, aliyozoea kuyamimina dukani kila siku. Akayaacha yote.

"Mimi hajanisimanga," alisema. "Zaidi ya hapo sijui."

Mabega ya kaka yakaanza kutikisika, na kinyozi akadhani analia, kumbe ni kicheko, kile kicheko kikubwa alichokuwa nacho zamani kabla ya kubebeshwa nyumba. Watu wa benchi la nyuma walianza kucheka pia bila kujua sababu.

"Mdogo wangu," alisema akijifuta macho, "nimechoka miaka yote hii, wala sikuwahi kumwambia mtu. Basi, nipewe tu."

Akakilaza kichwa chake begani kwa mdogo wake, mtu mzima yule, na benchi zima lililobaki akalinyooshea miguu.