Ufa Unaashiria Nini

Jumatatu ya kwanza ya marudio ya fasihi, katika shule moja ya bweni mjini Ambositra, Madama Lalaharisoa alikuwa akiwaeleza wanafunzi wa mwaka wa mwisho tofauti ya tashbihi na sitiari, Voahirana akaingia na kuomba radhi kwa kuchelewa. Alikuwa amezikwa Februari, baada ya ukuta wa bweni kumwangukia wakati wa mvua. Alivaa sare, na juu yake shuka la hariri alilozikwa nalo. Madama akamwonyesha nafasi yake ya zamani.

"Sogea basi," akasema Hanta, mwenzake wa benchi. "Na ukung'ute hizo nywele, unanijazia udongo daftarini."

Mtihani ulikuwa umekaribia na Voahirana hakutaka kuacha kazi nusu. Mama yake alipopata habari alimletea wali na kisamvu, akamgombeza kwa kutovaa sweta.

Walipitia hadithi, kisha mashairi. Ijumaa wakatazama filamu fupi ya bibi anayefunika kwa chokaa ufa wa ukuta wa nyumba yake. Kila asubuhi ufa ulikuwa umerudi. Madama akauliza ufa ule unaashiria nini. Wengi wakajibu mafarakano ya familia, kama mwongozo wa majibu ulivyosema.

Voahirana akanyoosha mkono.

"Hauashirii kitu, Madama. Ukuta hauna msingi. Wetu pia haukuwa nao. Mimi nilikuwa chini yake, nikaona. Mchanga mtupu. Na bweni la wadogo ni hivyo hivyo."

Wengine wakaandika hilo pia. Mawe yaliyonunuliwa kwa ajili ya misingi ya mabweni kila mtu alikuwa ameshayakalia siku za sherehe, kwenye baraza ya nyumba ya mkuu wa shule, Bwana Ratsimandresy.

Mchana Madama alikwenda kumwona. Mkuu alimsikiliza kwa adabu, akauliza kama marehemu amepata vitabu. Kuhusu bweni la wadogo, alisema mbona limesimama mpaka leo.

"Na kwenye mtihani, Madama, aandike mafarakano. Asije akatuharibia matokeo."

Madama akarudi darasani, akaandika ubaoni kwamba ufa ni mafarakano. Chaki ilimvunjikia mara mbili. Voahirana akanakili kwa hati yake nzuri, na mtihani ulipofika akajibu vivyo hivyo, akafaulu.

Kaburini hakurudi. Alihamia bweni la wadogo, akasimama kati ya vitanda, mgongo ameuegemeza ukutani. Mvua zilipoanza alitanua miguu kidogo. Madama alikuwa akipita jioni kumsalimia, na siku moja akamuuliza kama hachoki.

"Nachoka, Madama," akasema Voahirana.

Bwana Ratsimandresy alikagua bweni, akaridhika kwamba mwaka ule halikuhitaji matengenezo. Wadogo nao walimzoea Voahirana upesi, wakawa wanamtundikia taulo zao mabegani.