Sanduku Lisilo na Ufunguo

"Mayu, mama yangu, usiitumbukize!" Maganga alipiga kelele kutoka kwenye baiskeli. Alichelewa. Kwandu alikwisha kuisukuma barua kwa kidole, ikaangukia ndani ya sanduku jekundu la posta.

"Kwani vipi, baba? Stempu nimebandika. Katekista kaniandikia, namwita mwanangu Jilala arudi kutoka machimboni Mirerani. Baba yake mgonjwa, anamuulizia kila kukicha, na mavuno ya pamba sidhani kama atayaona."

Maganga akashuka kwenye baiskeli, akamweleza. Yeye ndiye aliyekuwa wakala wa posta hapo Sapiwi tangu enzi za ujamaa, na tangu masika posta ilikuwa imefungwa. Alikuja bwana mmoja, Constantine, na gari la serikali, akachukua muhuri, mizani na funguo. Tangazo akaligundisha mlangoni. Mvua ya kwanza ikaondoka nalo. Sanduku, kwa kuwa limejengewa ukutani, akaliacha. Na watu, ambao kwao sanduku hilo ndiyo serikali yenyewe, wakaendelea kuliamini.

"Wizara imejitoa, mzee," Constantine alimwambia siku ile. "Siku hizi ni soko huria. Posta lazima ijitegemee."

"Ijitegemee! Ushuru wa pamba mnatukata, halafu barua ikatafute miguu yake?"

Alipoufuata ufunguo wilayani, akaambiwa umepelekwa Dar, na akithubutu kulivunja sanduku ni jela. Hawana haya watu hawa! Wakitaka kura, njia ya Sapiwi wanaijua hata gizani. Ikifika zamu ya kubeba barua ya mama mwenye mgonjwa, ghafla njia imeota majani.

"Kwa hiyo barua yangu iko humo," Kwandu alisema taratibu, "na haitoki?"

 Maganga alikwenda nyumbani akarudi na shoka.

"Baba, watakufunga!"

"Na wanifunge!"

Kijimlango kilipoachia, barua zikamwagika miguuni mwake, nyingine zimeshaliwa na mchwa. Akazizoa zote kwenye gunia la pamba, ya Kwandu akaitia mfukoni mwa shati. Shoka akalifunga kwenye keria, akashika barabara ya Bariadi kuzitafutia posta iliyo wazi.

Senta iliyofuata nayo posta yake ilikuwa imefungwa. Mbele ya sanduku alisimama mzee mmoja, kofia kwapani, akiifuta bahasha vumbi kwa pindo la shati kabla ya kuitumbukiza.

Maganga akafunga breki.