Maziwa ya Upande wa Kushoto

Mama mkwe wangu alinikagua na kikombe cha ng'ombe. Nasema hivyo moja kwa moja usije ukadhani namsengenya, maana hata yeye akiulizwa atakubali. Kile kikombe cheusi ambacho wafugaji wa Murera hukamulia matone ya kwanza ili waone kama maziwa yana mabonge, alikiosha na maji moto, akakipangusa na aproni, akaniambia, "Kamua hapo kidogo tuone." Nikakamua. Nilikuwa na homa na sikuwa na nguvu za kumjibu vile huwa najibu watu.

Naitwa Jentrix, nyumbani ni Bungoma, na mdomo wangu ndio ulionihamisha ploti mbili kule Gatongora kabla sijaolewa na Macharia. Mama yake, Waruguru, ni mtu wa ng'ombe. Ana wa gredi, wale wa maziwa mengi, wameshiba, na kila mmoja anajua sauti yake. Nilipojifungua tulienda kukaa kwake ili anitunze, maana Macharia anafanya kazi kiwandani Thika na shifti zake hazieleweki. Mtoto ni msichana, na kwao msichana wa kwanza hupewa jina la mama ya baba, basi binti yangu naye ni Waruguru. Macharia anamwita mami, vile yeye na mimi tunavyomwita mama yake pia. Mama mkwe anamwita "mimi." "Jentrix, mimi nalia huko chumbani, hebu njoo uninyonyeshe," ananiambia, huku ameshika ndoo ya maziwa. Nilianza kumpenda huyo mama kwa sababu ya hilo neno.

Halafu titi la kushoto likaniuma. Asubuhi ilikuwa uvimbe mdogo pembeni, kama harage. Kufikia saa sita lilikuwa gumu, limeiva, linachoma hata nguo ikiligusa, na mimi niko chini ya blanketi natetemeka mpaka meno yanagongana. Nikampigia simu mama yangu, Nelima, ambaye kwa simu huongea kwa kelele. Akasema, "Pasha kitana moto kidogo, uchane hilo titi kutoka juu kwenda chini. Na ufikirie vizuri ni nani amekutazama ukinyonyesha."

"Kitana ni cha nywele," Mami akasema kutoka mlangoni, kwa sauti ya kutosha kusikika Bungoma.

Yeye aliingia shambani akarudi na kabichi. Akayaponda majani na chupa, akaniwekea ndani ya sidiria. Sitakudanganya, yalinipoza. Nililala nikinuka kama jikoni ya harusi, lakini nililala. Shida ilikuja nilipoamka, alipoleta kile kikombe.

Aliyatazama maziwa yangu kwa dirisha, akakiinamisha kikombe huku na huku.

"Yana mabonge. Haya yameharibika, Jentrix. Mtoto asiyaguse."

"Asiyaguse vipi?"

"Chuchu ikiugua ndama hapewi. Unamwaga, unangoja. Ukimpa, anahara mpaka unampoteza. Mwachie la kulia."

"Na hili?"

"Litakauka lenyewe. Moja linatosha. Macharia alinyonya moja na ona alivyo."

Nilidhani ni maringo tu ya mama na kijana wake. Lakini la kulia halikuwa linatosha. Mtoto alinyonya upande huo akamaliza, akageuza uso kutafuta mwingine, akalia. Mama mkwe akapasha maziwa ya ng'ombe, akayachanganya na maji, akatafuta chupa. Hapo ndipo nilipokaa kitako hata na hiyo homa. Watu wana ndoto zao za ploti na magari. Mimi nilitaka kitu kimoja, kumnyonyesha mtoto wangu mpaka yeye mwenyewe aseme basi. Nilikuwa nimemngoja sana yule mtoto. Kila akinyonya nilikuwa nasikia kama kuna mahali nimefika.

"Hapewi chupa," nikasema.

"Atakufa njaa kwa sababu ya kiburi chako?"

"Mimi si ng'ombe, Mami."

"Najua. Ng'ombe huwa hanijibu."

Akatoka nje na simu, akaweka spika kwa sababu masikio yake yameanza kuchoka. Alikuwa anampigia Kitheka, daktari wa mifugo. Nilisikia kila kitu kupitia dirishani.

"Kitheka, niko na mgonjwa wa kiwele. Ni upande mmoja, umevimba, ana joto jingi. Ile dawa uliyoniachia naweza kuitumia?"

"Amezaa lini?"

"Juzi juzi."

"Na anakula?"

"Amekula ugali kidogo na mboga."

"Mama Macharia," Kitheka akasema polepole, "ni ng'ombe gani huyo anakula ugali?"

"Ni Jentrix."

Kwa heshima yake, hakucheka. "Hiyo dawa irudishe kwa kabati uifungie. Huyo mpeleke kliniki. Sasa hivi, usingoje kesho."

Jirani alitupeleka kliniki huko Kimbo na gari lake la mboga, mimi mbele, Mami nyuma katikati ya magunia ya sukuma akiwa amempakata mtoto. Kliniki ni ndogo, juu ya duka la vyombo. Nesi anaitwa Benta, mama mnene mwenye mikono ya joto, na kabla hajanishika alisema pole. Nikalia hapo hapo. Nilikuwa sijaambiwa pole tangu asubuhi.

Alipomaliza kunipima alinipa vidonge na kunieleza taratibu. Titi lilikuwa limeingiwa na ugonjwa, lakini lilikuwa bado halijafanya jipu, tumefika mapema. Nimeze dawa yote hata nikisikia nafuu katikati. Kabichi kama inanipoza niweke, lakini nisiihesabu kuwa dawa. Kitana nikiache kabisa, na nisilikande kwa nguvu.

"Na umnyonyeshe," akasema. "Hata huku kunakouma. Maziwa yakikaa ndani ndiyo uvimbe unazidi. Hiyo dawa niliyokupa inakubaliana na mtoto."

"Lakini yana mabonge," Mami akasema. "Nimeyaona na macho yangu."

"Hayatamdhuru, mama. Ni maziwa yake."

Nilikuwa nimeshapanga maneno ya kumwambia Mami tukirudi. Nilikuwa nimeyapanga kwa mstari. Lakini yeye alikuwa hajamaliza.

"Hata zamani?" akauliza.

"Zamani gani, mama?"

"Zamani tu. Miaka imepita. Mtoto wa wakati huo angenyonya tu, na hangepatwa na kitu?"

Benta alimtazama vizuri kabla ya kumjibu. "Hata wakati huo, mama."

Mami akafunga kibeti chake. Na kilikuwa tayari kimefungwa tangu tuingie. Njia nzima alimpakata mtoto kifuani, na mimi nikayameza maneno yangu yote.

Nyumbani alinawa mikono mpaka viwiko, vile hunawa kabla ya kukamua. Akaloweka taulo kwa maji ya vuguvugu, akaikamua, akanifunika titi. Nimeona mikono hiyo ikimtuliza ng'ombe anayepiga teke, lakini sikujua ni myepesi hivyo. Akaniletea mtoto, akashikilia kichwa chake mpaka akashika chuchu. Aki niliona nyota. Nikauma blanketi. Mami akanipangusa machozi na pembe ya leso, akanong'ona, "Vumilia, mama, vumilia, anachukua." Na kweli, nikamsikia mtoto akimeza.

Tulikaa hivyo. Kisha akaongea akimtazama mtoto.

"Kwa Macharia pia lilikuwa hili hili la kushoto. Mama ya baba yake akaniambia yameharibika, nikajifunga kifua na shuka. Macharia alikuwa akinisikia harufu analitafuta, nami namgeuza. Analia, namgeuza. Mpaka likakauka. Hilo jingine halikumshibisha. Alikonda, Jentrix. Alikuwa mtoto wa kuugua kila mwezi. Na mimi miaka hii yote nikijiambia nilimwokoa."

Akatengeneza taulo ambayo ilikuwa sawa.

"Kumbe ningempa tu."

Nilimshika mkono, ule uliokuwa umebeba kichwa cha mtoto.

"Ulifanya vile uliambiwa, Mami."

"Niliambiwa," akasema. "Na leo karibu nikuambie."

Mtoto aliachilia titi, amelewa, maziwa yanamtiririka kidevuni. Mami akacheka kidogo na machozi yake. "Mimi nimeshiba," akasema, akamweka begani amcheulishe.

Jioni Macharia alirudi kutoka Thika, mtu wa kitambi chake, akaanza kuuliza habari za kliniki kabla hajavua viatu. Mama yake alienda moja kwa moja jikoni. Alimpakulia viazi na nyama, akampakulia tena, halafu akamwekea mbele kikombe kikubwa cha maziwa ya moto yenye utando juu. Akavuta kiti, akaketi karibu naye, akawa anamtazama akila.

"Mami, kwani nimefanya nini?"

"Hujafanya kitu. Kunywa."

Akanywa. Akajaziwa kingine.

"Nimeshiba, haki."

"Kunywa, Macharia."

Akanigeukia mimi aone kama namtetea. Nikamwonyesha kwa macho anywe. Akanywa mpaka chini, na mama yake akanyoosha mkono akampangusa mdomo na aproni, polepole, mtu mzima mwenye ndevu.