Ratiba Isiyo na Mgongano

Katika shule ya wasichana iliyo nyuma ya ofisi ya posta, ratiba ya masomo ilikuwa imetungwa na mtu mmoja tu kwa muda wa miaka ishirini na miwili, na mtu huyo ni mwalimu wa hesabu ambaye wanafunzi walimwita Kengele. Hawakumwita hivyo mbele ya uso wake. Yeye alijua, na kwa kweli jina lenyewe halikumchukiza, kwa kuwa kengele hulia kwa wakati wake na haimwombi mtu radhi.

Kutunga ratiba si mchezo. Walimu ishirini na sita, vyumba kumi na vinane, vipindi vya dakika arobaini arobaini, na juu ya hayo yote kanuni moja isiyovunjwa: walimu wawili wasikutwe katika chumba kimoja kwa wakati mmoja. Jambo hilo likitokea huitwa mgongano, nao mgongano ni aibu ya mtunga ratiba. Katika miaka yake yote Mwalimu Kengele alikuwa amepatwa na aibu hiyo mara moja tu, siku ile mwalimu wa muziki na mwalimu wa kilimo walipokutana mlangoni, mmoja amebeba kinanda, mwingine ndoo ya mbolea. Kila alipoikumbuka, masikio yalimwaka moto.

Basi wenzake watatu walipomwachia kazi ya kupanga safari yao ya mwaka, aliipokea kwa moyo wote, lakini pia kwa hofu ambayo hakumwambia mtu.

Wenzake hao walikuwa hawa. Nesi, wa wodi ya wazazi, waliyejuana tangu shule ya bweni, ambako walilalia kitanda kimoja cha ghorofa, Nesi juu, yeye chini. Wifi yake, dada wa marehemu mumewe, ambaye kazi yake ni kusoma mita za maji nyumba kwa nyumba, mtu wa maneno mengi na miguu iliyochoka. Na Mama Pindo, fundi cherehani, aliyepewa jina hilo kwa sababu hakuweza kusalimiana na mtu bila kwanza kumtazama upindo wa nguo. Kila mwaka wanne hawa walikwenda mahali kwa siku mbili, wakarudi wameburudika.

Mwaka uliotangulia ndipo mambo yalipoingia mchanga. Mwalimu alipuliza filimbi kwenye jukwaa la stesheni, akafungua daftari, akaita mahudhurio. Alipomfikia Nesi, mtu waliyejuana miaka arobaini, akaita, "Namba tatu!" mbele ya abiria wote. Siku ya pili yake Nesi alifunga mkoba wake akarejea nyumbani peke yake. Tangu hapo walisalimiana vizuri, lakini salamu zenyewe zilikuwa za watu waliokutana kwenye foleni ya benki. Tena Nesi alikuwa ametoa neno lake bila kificho. "Tutajaribu mara moja tu," alisema. "Ikiharibika na hii, mimi simo tena, na msinitafute."

Neno hilo lilimkaa Mwalimu kooni kama kidonge kilichokataa kushuka. Alikuwa mjane, sahani aliyoiosha nyumbani kwake kila jioni ilikuwa moja. Akaazimia kwamba safari hii isiwe na doa hata dogo.

Walikuwa wamekubaliana kwenda mji mmoja wa upande wa magharibi, mji wa kadiri, si mkubwa wa kumpoteza mtu wala si mdogo wa kumchosha, mwendo wa saa nne kwa treni. Kulikuwa na mto uliopita katikati, bustani ya mimea, maktaba kubwa ya mawe, na soko la vitambaa lililoezekwa kwa vioo. Mwalimu alimpa kila mmoja kijikaratasi aandike anachokitaka. Nesi aliandika bustani, kwa sababu alitaka kuona kitu kinachokua bila kulia. Mama Pindo aliandika soko, akapigia mstari mara tatu. Wifi aliandika, "Kukaa. Popote." Yeye mwenyewe, kwa kuwa haifai mwalimu kuacha nafasi tupu, aliandika maktaba.

Kisha akatandaza karatasi ya manila juu ya meza ya chakula, akachonga penseli za rangi, akaanza. Majina manne juu, saa ubavuni, mahali ndani ya miraba. Kazi ilimnyookea kama uzi. Jumamosi saa nne aliwaona wawili ndani ya bustani moja, akakunja uso kama aliyekuta mende kwenye sukari. Akamhamishia wifi yake mtoni. Jumapili asubuhi Mama Pindo na Nesi walikuwa wamekutana sokoni. Akawatenganisha kwa ustadi, mmoja mapema, mwingine baadaye. Alipomaliza alipitisha rula juu ya karatasi, mstari kwa mstari, kama alivyofanya kila mwanzo wa muhula. Hapakuwa na kasoro. Alilala usingizi mtamu.

Jumamosi iliyotangulia safari, alasiri, walikutana kwa Mama Pindo, katika chumba cha kushonea kilicho juu ya duka la viatu. Gauni la arusi lisilo na mikono lilikuwa limevishwa sanamu dirishani. Mama Pindo, pini zikiwa midomoni, alisogeza vipande vya hariri akapisha nafasi juu ya meza ya kukatia. Mwalimu akaikunjua karatasi yake, akaweka pasi baridi kwenye pembe isije ikajikunja.

"Mungu wangu!" alisema Wifi. "Hii ni safari au ni mtihani wa taifa?"

Mama Pindo alivuta utepe wa kupimia uliokuwa shingoni mwake akaipima karatasi. "Mita moja na robo," alisema kwa pembe ya mdomo. "Shoga, hapa inatoka sketi, na mfuko juu."

"Chekeni tu," alisema Mwalimu, naye alikuwa karibu kutabasamu. "Nani kaomba kitu akakosa? Tafuteni. Kila mtu na rangi yake. Nesi kijani, Wifi samawati, Mama Pindo nyekundu, mimi nyeusi."

Wakainama. Wifi, ambaye kwa kazi yake alizoea kusoma tarakimu ndogo ndani ya mashimo yenye giza, ndiye aliyetangulia kuona.

"Wifi yangu, hebu nisaidie. Jumamosi saa nne. Mimi niko kwenye benchi kando ya mto."

"Uliomba kukaa."

"Niliomba, sikatai. Nakaa na nani?"

Mwalimu alitazama mraba. "Na mto."

"Saa tano niko na nani?"

"Bado uko mtoni."

"Nimekosa nini mimi jamani!"

Mama Pindo alikuwa amekwisha kuzitoa pini mdomoni. "Ngoja. Mimi sokoni, Nesi bustanini, wewe maktaba, huyu maskini mtoni. Haya. Chakula cha mchana je? Hapo tunakula pamoja, si ndiyo?"

"Kwa zamu," alisema Mwalimu. "Ili meza isisongamane."

"Watu wanne meza isongamane? Zamu ngapi?"

"Nne. Kuanzia saa sita mpaka saa tisa kasoro dakika ishirini."

Wifi aliketi juu ya furushi la vitambaa, akajishika mbavu. Lakini Mwalimu bado alikuwa amesimama wima, mkono juu ya karatasi, kama alivyosimama mbele ya walimu wenzake miaka yote hiyo. "Ikagueni mpendavyo," alisema. "Hakuna mgongano hata mmoja."

Kidole cha Nesi kilikuwa kimeifuata rangi ya kijani polepole, kutoka Jumamosi asubuhi hadi Jumapili jioni, kikasimama chini kabisa, penye vyumba vya kulala.

"Kwa hiyo," alisema, "sisi wanne tutaonana tukiwa tumelala."

Wifi alipiga ukelele wa kicheko, na Mama Pindo ikambidi ashike meza. Nesi hakucheka. Alichukua mkoba wake uliokuwa juu ya kiti, akaupachika begani.

"Kama hunitaki safarini, ungesema," alimwambia Mwalimu. "Sisi ni watu wazima. Hukuwa na haja ya kunichorea."

Kicheko kikakatika. Chini, katika duka la viatu, mtu alikuwa akijaribu jozi mpya, akitembea huku na huko. Mwalimu aliitazama karatasi. Aliitazama kwa mara ya kwanza kama mtu asiyeitunga, akaona watu wanne wakizungukana katika mji mmoja kwa siku mbili, kila mmoja akifika mahali pale mwenzake alipoondoka.

"Sikufanya kusudi," alisema.

"Dakika arobaini arobaini hazijipangi zenyewe."

"Hazijipangi. Nilizipanga mimi. Miaka ishirini na miwili, wawili katika chumba kimoja ni kosa. Nikiwaona, nawatenganisha. Mkono umezoea. Nilipowakuta mmekaa pamoja bustanini nilisema, haya, hapa pana kosa, nikafuta. Tena nilifurahi. Sikuona nilichokuwa nikikifuta."

"Na mwaka jana?" aliuliza Nesi. "Namba tatu. Nalo ni mkono?"

Hapo palikuwa na jibu la haraka, na Mwalimu alikuwa nalo: jukwaa lilijaa watu, treni ilikuwa inaondoka, mtu lazima ahesabu. Lilikuwa jibu sahihi kabisa, na alikuwa amelitoa mara nyingi moyoni mwake tangu mwaka jana. Akaliacha.

"Hilo halikuwa mkono," alisema. "Lilikuwa kiburi. Niwie radhi, mwenzangu. Nilipaswa kukwambia siku ile ile, nikangoja uje wewe." Sauti yake ilikuwa ngumu, kama ya mtu anayesoma lugha aliyoijua kwa maandishi tu. "Wala maktaba siitaki. Vitabu ninavyo nyumbani. Niliandika kwa sababu nafasi ilikuwa tupu. Ninachokwenda kutafuta huko ni ninyi."

Mama Pindo alijitia kutafuta pini iliyodondoka. Wifi aliinuka kutoka juu ya furushi lake.

"Dada Nesi, weka huo mkoba, nakusihi. Ukiondoka nitaachwa na mto peke yangu."

Nesi alimtazama, kisha akamtazama Mwalimu, akamtazama muda mrefu, kama anavyomtazama mzazi anayedai kwamba uchungu umekwisha.

"Utaita mahudhurio?"

"Siiti."

"Filimbi?"

"Sichukui."

"Na bustanini tunakwenda sote?"

"Mimi miti inanichosha," alisema Mama Pindo akiwa chini ya meza.

"Basi uchoke ukiwa nasi," alisema Nesi. "Na sisi tutakwenda kuchoka na vitambaa vyako." Aliushusha mkoba begani, lakini aliuweka mapajani, si sakafuni, na Mwalimu aliliona hilo. "Kakate tiketi. Tukishapanda ndipo nitakapojua kama ulikuwa unasema kwa moyo au unasoma tu."

Jumatatu, baada ya kipindi cha mwisho, Mwalimu alisimama mbele ya dirisha la tiketi. Karani alikuwa kijana mwenye miwani, aliyeandika kwa vidole viwili.

"Ijumaa hii, treni ya saa moja na dakika ishirini asubuhi," alisema Mwalimu. Alikuwa ameomba ruhusa ya siku hiyo tangu mwezi uliopita, naye aliijua saa hiyo kwa moyo. "Watu wanne."

"Bahati yako, mama. Viti vinne vimebaki. Kimoja behewa la pili, viwili la nne lakini havikukaribiana, kimoja la sita. Vyote vya dirishani."

Vilikuwa viti vizuri. Kwa treni hiyo wangefika kabla ya adhuhuri, siku nzima ikiwa mbele yao, na kila mtu na dirisha lake. Mkono wa Mwalimu ulikuwa umekwisha kufungua pochi.

Akaifunga.

"Hakuna vinne vya pamoja?"

"Katika hiyo, hapana. Ipo ya saa tano na nusu. Viti vinne vinatazamana, meza katikati. Ila nakwambia ukweli, viko karibu na choo."

"Nipe hivyo."

Karani alimtazama juu ya miwani, kwa huruma anayopewa mtu mzima asiyeelewa mambo. "Mama, hiyo inafika saa tisa na nusu alasiri. Nusu ya siku yenu itakuwa imekwenda."

"Haitakwenda kokote, mwanangu," alisema Mwalimu. "Tutakuwa nayo humo humo ndani."

Alizipokea tiketi nne, akazitia katika bahasha moja, akatoka. Alikuwa amekwisha kuvuka barabara ndipo alipotambua kwamba hakuuliza treni ya kurudi inaondoka saa ngapi. Alisimama kidogo ukingoni, akageuka kulitazama jengo la stesheni, kisha akashika njia ya kwa Nesi ili ampelekee tiketi yake kwa mkono wake mwenyewe.