Chanjo Haijaiva

Fundi viatu alichanjwa chanjo ya mafua Jumatatu, kwa ajili ya mama yake, mwenye mapafu yaliyochoka. Jumanne bega lilimuuma hadi nyundo ikamshinda, na kihoma kikamtembelea. Hakushtuka, maana muuguzi alishamwambia, “Siku moja mbili tu, kaka. Usije ukaandika wosia.”

Jumatano akaamka mzima. Ijumaa, akiwa mlangoni kwa mama na mfuko wa machungwa, kikohozi kikambana, pua ikachuruzika, na mwili ukaanza kutetemeka. Hapo ndipo alipokumbuka neno la mwisho la muuguzi, lile alilolisikia nusunusu huku akivaa shati: kinga huchukua wiki mbili kukamilika. Hii haikuwa sindano tena. Mafua yenyewe yalikuwa yamemuwahi.

“Mwanangu, mbona huingii?” mama aliita. “Si umechanjwa wewe?”

“Nimechanjwa, mama, ila chanjo bado haijaiva.”

“Kwani ni maharage?”

Fundi akacheka, na kicheko kikageuka kikohozi. Nyayo za mama zikasogea polepole, ufunguo ukaanza kuzunguka. Fundi akaukamata mlango kwa mikono miwili, akauvutia kwake.

“Mama, nakuomba, usifungue.”