Fundi wa Nini

Kosa lilianzia kwenye neno moja ndani ya faili langu: fundi. Karani wa mapokezi aliniuliza kazi yangu, nikamjibu hivyo, akaandika, tukahamia kwenye umri. Miaka ishirini watu wananiita fundi, sikuona cha kuongeza.

Nilikuwa nimeanguka kazini, moyo umeenda mrama, nikazindukia wodini. Daktari wa moyo alikuja asubuhi, mguu mmoja ndani, mwingine nje. Alieleza kwamba kuna kifaa kidogo, kadiri ya kiberiti, kinachopandikizwa chini ya ngozi ya kifua. Moyo ukivurugika tena, kinaupiga shoti na kuurudisha sawa. Bila hicho, alisema, naweza kuondoka ghafla. Nikauliza swali moja tu: kazini nitarudi? Akasema bila shaka, baada ya wiki sita. Nikakubali papo hapo. Mume wangu alishukuru mpaka nikaona aibu.

Kesho yake, nimeshavishwa gauni la upasuaji, muuguzi akanishika mkono kutafuta mshipa. Akaona makovu ya cheche yaliyotapakaa mpaka kwenye kiwiko. Akatazama faili, akanitazama mimi, akauliza ni cherehani gani hiyo inayounguza mtu hivi.

"Cherehani ya nani?" nikasema. "Mimi nachomelea mageti."

Akauachia mkono, akaenda kumwita daktari. Daktari alikuja mbio. Alikiri kwamba aliposoma fundi, na mgonjwa ni mwanamke, aliongeza "wa cherehani" mwenyewe kwenye faili. Kisha, kwa sauti ya chini, akasema umeme wa mashine ya kuchomelea unaweza kukichanganya kile kifaa, kikanipiga shoti bila sababu, au kikanyamaza siku ninayokihitaji. Nikishawekewa, kazi ile niiache.

Damu ilinichemka. Mtu ameusikiliza moyo wangu kwa mashine tatu, akaupiga picha, akaupima na kuupima tena, lakini mimi mwenyewe hakunisikiliza hata dakika moja. Na mume wangu, badala ya kusimama upande wangu, akanisogezea fomu ya kukubali upasuaji na kalamu.

"Mama watoto, si ulishakubali jana? Tia sahihi, mengine tutayaona mbele."

"Aliyekubali jana ni mshonaji. Mtafuteni atie yeye."

Nikawaambia kwamba nilipoanza kazi kwenye karakana yetu wanaume walinipa ufagio, na kwamba leo hao hao wananiletea kazi zilizowashinda. Kalamu ile niliitupa chini ya kitanda, na sijutii.

Daktari akavuta kiti. Tangu nilazwe, ilikuwa mara ya kwanza kumwona amekaa. Akaomba radhi, halafu akaniuliza lile alilopaswa kuniuliza jana: kipi kinanitisha zaidi, kufa ghafla au kuishi bila kazi yangu?

Nilikusudia kumjibu kwa ukali. Machozi yakanitoka mbele yao wote, na hilo nalo likaniudhi. Jana nilikubali upesi kwa sababu hapakuwa na cha kuamua. Sasa kilikuwepo, nao walinitaka nikiamue nikiwa nimelala chali, sindano inasubiri.

"Sijui," nikamwambia. "Na mpaka kesho nina haki ya kutojua. Tokeni."